Saa Sifuri ya Asubuhi

Mke wa mwanangu ni fundi wa simu, na mtaani wanamwita Bisibisi. Jina lilianza kwa kejeli. Watu walikuwa wanafika kibandani kwake, wanamkuta mwanamke ameshika bisibisi, wanauliza fundi yuko wapi. Yeye anawajibu, "Katoka, ameniachia mikono yake." Kejeli ikaisha, jina likabaki, na simu zikaletwa.

Mimi nilitaka mwanangu aoe mtu wa maneno. Huyu ukimpa habari anakutazama kama simu iliyoingia maji, anatafuta pa kukufungulia.

Mwanangu haoni. Maradhi yalimchukulia macho akiwa mtu mzima, na kazi aliyoipata baada ya hapo ni kupokea simu hospitalini. Madaktari wanamwandikia ujumbe kwenye kompyuta, na ndani ya kompyuta kuna programu inayomsomea kwa sauti sikioni, naye anawapigia wauguzi wa wodini. Programu yenyewe haina bwana. Imetengenezwa na watu wa kujitolea, kila mtu yuko kwao, na maandishi yake ya ndani wameyaacha wazi. Anayetaka anayasoma, anayeweza anayatengeneza. Ni shamba la ujima, ila wakulima hawajawahi kuonana.

Sasa sauti ile ilikuwa inasoma saa vibaya. Daktari mmoja akiandika 07:00, yaani saa moja asubuhi, sauti inasema "saa saba". Mwingine akiandika saa 7, anakusudia ya mchana kama tusemavyo sote, sauti inasema "saa saba" vilevile. Mwanangu atajuaje? Siku moja akamwambia muuguzi ni ya mchana, kumbe mgonjwa alikuwa anangojwa chumba cha upasuaji tangu asubuhi. Mgonjwa hakudhurika. Lakini mkubwa wa kazi akamwita mwanangu, akamwambia kwa upole, na upole ndio uliotutisha: "Likitokea lingine, kiti hiki nitampa anayeona."

Bisibisi akaingia kwenye intaneti, kwenye ubao ambapo watu wa ile programu huandikiana, akalalamika. Akajibiwa na mtu wa mbali anayelinda mlango, maana si kila tengenezo linaingia, lazima mtu alikague kwanza. Mimi nilimpa jina la Bawabu. Akasema asante kwa taarifa, hapa hatuna mtu wa Kiswahili, je, wewe unaweza kuitengeneza?

Nikamwambia mkwe wangu, "Umeenda kushitaki, umepewa jembe."

"Afadhali jembe, mama."

Maandishi ya kompyuta alikuwa amejifunza mwenyewe, kwenye kuzifufua simu zilizogoma kuwaka. Akachukua nakala, maana ile ya wote huigusi, unafanyia kazi ya kwako kisha unaomba ipokelewe. Lakini mwanamke huyu ukimwita kuziba tobo anafumua paa. Alitengeneza saa, akatengeneza majina ya miezi, akatengeneza namna sauti inavyotaja pesa, akahamisha mafaili aliyoona yamekaa ovyo, akafunga kila kitu fungu moja akapeleka.

Bawabu akalirudisha. Lete kitu kimoja kimoja, alisema, hapa sioni kipi kinafanya nini. Tena mlango wa toleo jipya unafungwa Ijumaa jioni. Atakayechelewa atangoja toleo lingine, na hilo ni baada ya miezi mingi.

Habari hiyo ilitukuta Ijumaa hiyohiyo, mchana.

Nilikuwa kibandani, nimekalia kigoda changu, nachambua mchele. "Zima hiyo mashine," nikasema. "Hatukuzaliwa kubembeleza milango ya watu."

"Mama, hapa hatuoi wala hatuozi. Anataka kitu kimoja, nampa kimoja."

Akayavunja maandishi yake, akatoa ya saa peke yake, akapeleka. Akaja kijana wa kuchukua simu yake, nikamwambia fundi anaumwa. Akachungulia ndani. "Si huyo hapo?"

"Ndiyo anaumwa hivyo."

Jibu likarudi. Bisibisi akalisoma, akalisoma tena, uso ukamshuka. Bawabu alikuwa ameijaribu saa moja baada ya nyingine. Ilipofika 06:00, sauti ikasema "saa sifuri asubuhi".

"Muongo," nikasema. "Kiswahili anakijulia wapi?"

"Anasema kweli. Nimeiambia itoe sita kwenye kila saa. Sita ukitoa sita?" Akanitazama. "Mama, umewahi kuamka saa sifuri?"

Mwanangu ndiye aliyenijia kichwani, yuko pale mezani na sauti ile sikioni, anamtangazia muuguzi saa isiyokuwepo duniani.

Bisibisi akarudi kwenye maandishi yake. Alirekebisha, kisha akaongeza jaribio, maandishi mafupi yanayoiuliza programu saa zote za mchana na usiku, ili mwingine akija kuharibu kesho ijulikane papo hapo. Akaandika maelezo ya kwa nini sisi tunahesabu saa tangu jua linapochomoza. Akapeleka. Tukakaa.

Simu ikalia. Mwanangu. "Vipi?"

"Tunangoja."

"Mama yupo?"

"Yupo. Anamlaani mtu."

Jua likahama kutoka mezani likapanda ukutani. Muuza viatu wa jirani akaanza kufunga. Mchele wangu ulikuwa umeshatoka mawe zamani, nikawa nauchambua tu. Bisibisi akasema, "Ngoja nimkumbushe."

"Usimkumbushe. Kama ana macho ataona."

Akamwandikia. Maneno machache, na "naomba" ndani yake. Mimi nisingeandika, hata leo. Lakini mwenye mume aliyekaribia kupoteza kazi ni yeye, si mimi.

Kibanda cha viatu kilikuwa kimeshapigwa kufuli jibu lilipokuja. Bisibisi akakigeuza kioo cha kompyuta upande wangu, akaweka kidole chini ya neno ambalo kompyuta ilikuwa imelitafsiri kwa Kiswahili, nikalisoma mwenyewe polepole. Imeingia.

Toleo lilipowekwa hospitalini nilimsindikiza mwanangu kazini, nikakaa nyuma ya kiti chake. Alichomoa waya wa sikioni nami nisikie. Ujumbe wa kwanza ulikuwa wa mgonjwa wa kesho yake, na daktari alikuwa ameandika 06:00.

"Kesho, saa kumi na mbili asubuhi," ikasema sauti.

Akapiga wodini, akatoa saa kama alivyoisikia. Muuguzi akauliza, maana na yeye alikuwa amejifunza kuogopa, "Una hakika, kaka?"

Mkono wa mwanangu ulikuwa umetulia juu ya meza.

"Nina hakika," akasema. "Mke wangu ameipima."