Nilianika tope la bahari la mdogo wangu kwenye kichanja cha kahawa

Wakuu, habari za humu. Haya yametokea nyumbani kwetu Kiruruma, Karagwe, na mkosaji ni mimi mwenyewe. Mtanicheka, chekeni tu.

Mdogo wangu wa kike anasoma PhD ya mambo ya bahari. Sisi ni watu wa migomba, bahari tunaiona kwenye TV. Yeye kaenda na meli, kachota tope chini kabisa, kalifunga kwenye mirija ya plastiki, kaipanga kwenye kasha la barafu. Alikuwa analipeleka maabara Uganda, avukie mpakani Murongo, akapitia kumsalimia mama.

Alinieleza vizuri tu. Tope lile lina chuma, na chuma hicho kinaishikilia kaboni huko chini miaka na miaka isirudi hewani. Akasema mirija isifunguliwe, isipate hewa. Mimi naitikia tu, akili iko shambani.

Asubuhi akaenda mjini Kayanga kufuatilia kibali cha kulivusha. Huku nyuma barafu ikayeyuka, kasha likaanza kuvuja. Nikafungua mrija mmoja, harufu ya yai viza! Nikajua limeoza, atalia huyu binti.

Sasa wakuu, mkulima wa kahawa anajua kitu kibichi hakiwekwi stoo, kinaanikwa. Nikafungua mirija yote, nikamwaga kichanjani, nikawa nageuza kwa mkono kama buni. Nilijiona kaka wa maana kweli.

Kufika jioni lile tope jeusi lilikuwa na rangi ya kutu.

Aliporudi hakupiga kelele. Alilishikashika, akasema, "Kaka, hewa ndiyo hiyo niliyokuambia. Chuma kimeshabadilika, siwezi tena kujua kilikuwa kimeshika nini. Na meli ile hairudi."

Mama akamwambia kaka yako alitaka kusaidia. Akajibu, "Najua, mama." Bora angenitukana.

Ikabidi aanze utafiti mwingine. Zamani alikuwa ananieleza masomo yake mpaka salio linakata. Siku hizi anauliza hali ya mama na ng'ombe. Nikigusia masomo, "yanaenda tu, kaka," basi. Inaniuma sana.

Nilichojifunza: usipoelewa, uliza. Mimi niliona aibu kumuuliza mdogo niliyemfundisha herufi mwenyewe.

Kama kuna mwenzangu aliyeharibu kitu cha ndugu yake kwa nia njema, kisha akaaminiwa tena, aniambie alianzia wapi.