Besi ya Mayu Minza

Naikumbuka siku ile kwa harufu ya mbao za paini, mjukuu wangu. Umenionyesha kwenye simu gitaa kavu la besi, la bei nafuu, unaniuliza nalionaje. Kwa macho ni zuri. Lakini macho hayajui kuuliza. Mimi darasa la nne lilinifundisha kusoma tu. Kuuliza nilifundishwa na mama mmoja wa Migato. Kaa hapo, na usinikatize. Huko kukatiza ndiyo habari yenyewe.

Nilikuwa kijana. Kwaya yetu ya Migato ilikuwa na ngoma na kayamba, sauti ya chini haina. Umeme hatuna, spika hatuna, kwa hiyo nilitaka besi kavu yenye tumbo kubwa la kujitosheleza. Nikaenda Bariadi, pale Somanda, kwa fundi mmoja aliyekuwa akiranda mbao karibu na hospitali. Fundi aliye jirani na hospitali unajua anatengeneza nini zaidi. Majeneza yalikuwa yamesimama ukutani, mapya, hayana wenyewe bado. Katikati yake limening'inia gitaa la nyuzi nne, nyuzi za waya wa breki ya baiskeli.

Nikalikagua kama ndama wa mnadani. Nikafumba jicho moja nikaitazama shingo: imenyooka. Nikabonyeza nyuzi: vidole haviumii. Nikagonga tumbo, likaitika kama mtu aliye chumba cha pili. Nikachungulia tunduni, nikaona maandishi ya penseli: Minza, Migato. Nikajua ni mteja aliyeshindwa kulipa, nikajiona nina bahati.

"Kabla hujalibeba, kijana," fundi akasema, "hizi mbao zilikuwa za..."

"Fundi, sinunui hadithi. Taja bei."

"Nisikilize kwanza."

"Ukishasimulia utapandisha. Nawajua ninyi."

Akataja bei ya mbuzi aliyekonda. Wakubwa husema rahisi ni ghali. Mimi wakati ule nilidhani msemo huo umetungwa na wenye maduka.

Akina Minza kwetu ni wengi, ukirusha jiwe sokoni utampiga mmojawapo, kwa hiyo sikuwaza mbali. Mama niliyemjua mimi kwa jina hilo, Mayu Minza, alikuwa mjane, ng'ambo ya shamba letu la pamba. Mwaka ule aliugua sana, akalazwa, akarudi amekonda lakini mzima. Kanisani alikaa benchi la tatu. Jumapili ya kwanza nilipoupiga uzi mnene, akasimama. Peke yake. Mikono imenyooka ubavuni, macho kwenye tumbo la gitaa. Nilipoacha, akaketi. Watu wakasema kaguswa na Roho. Jumapili ya pili, vilevile. Mwalimu wa kwaya akanitania, "Wewe, besi yako inainua wajane!" Wenzangu wakacheka. Mimi nilicheka kidogo.

Jumatano yake, jua la utosini, hata kuku wamejificha, nilikuwa nje ya nyumba nakaza nyuzi. Nikaupiga ule uzi mara moja tu, taratibu. Nikainua macho. Mayu Minza anakuja katikati ya mipamba, magoti hayakunjiki, unga wa ugali bado mikononi. Hakunisalimia. Msukuma asiyesalimia, mwanangu, ujue kuna jambo.

"Umeniita?"

"Hapana, mayu."

"Umeniita. Humo ndani pameandikwa nini?"

Nikasoma. Nilipofika kwenye jina nikamtazama usoni.

Akalipapasa lile gitaa toka chini mpaka shingoni, kama mtu anayetafuta kitanda chake gizani. "Nilipolala hospitali," akasema, "wanangu walikata bua la mtama kwa urefu wangu, wakampelekea fundi. Walishakata tamaa. Nilipozinduka nikaliona jeneza nje ya dirisha, limesimama, linanisubiri. Nikainuka. Wakamwachia fundi mwenyewe, kumbe mbao zake akachongea hili gitaa. Nani ataingiza jeneza kwenye mji wa mtu anayepumua?" Akaifuta mikono kwenye kanga. "Ng'wanone, mwanangu, kila ukilipiga, miguu yangu inaanza safari. Usilipige tena. Siku moja sitarudi."

Nikasema nimesikia, na uso nikauinamisha kama mtu aliyesikia kweli. Lakini Jumapili ile kulikuwa na tamasha la kwaya Nyashimo, na kwaya nzima inanitegemea. Tena, nisikufiche, kulikuwa na binti wa sauti ya kwanza niliyetaka anione. Ndiye bibi yako huyo, usimwambie. Nikajisemea Nyashimo ni mbali, sauti gani itafika Migato?

Tukaenda kwa lori la pamba. Jua likiwa utosini tukapanda jukwaani, nami nikaupiga uzi mnene kuliko siku zote. Joto lilikuwa kali, lakini ule ubao ulikuwa wa baridi kifuani mwangu kama mtungi wa maji. Na nyuma ya kila mpigo nilisikia mpigo mwingine, mdogo, kama nyayo. Tulishangiliwa sana. Sikumbuki hata wimbo ulikuwa gani.

Tuliporudi, binti wa Mayu Minza alikuwa akitusubiri barabarani. "Mama kadondosha chungu jua likiwa utosini, akatoka. Amekutwa amepita vijiji viwili, uso umeelekea Nyashimo. Waliomshika wanasema alikuwa mzito kama gogo."

Alikuwa hai. Nyayo zake zilichanika, sitaki kukueleza. Husemwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia, lakini guu lililoumia halikuwa langu, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Nikampelekea gitaa, nikazikata nyuzi zote nne mbele yake kwa koleo.

"Nilidhani wewe ni kiziwi," akasema. "Kumbe masikio unayo, unachagua tu ya kusikia. Fundi hakukuambia?"

"Alianza, mayu. Nikamkatiza."

"Haya. Liache hapo. Ni langu."

Akalitundika ukutani, tumboni mwake akawa anaweka mbegu za choroko. Aliishi miaka mingi, akabeba mgongoni watoto wangu wawili. Alipofariki tulimzika katika jeneza jingine, na lile gitaa tukaliweka juu yake, upande wa miguu, kama alivyoagiza. Halina hata uzi mmoja. Bonge la kwanza la udongo likatua tumboni mwa gitaa, likatoa sauti ileile ya uzi mnene. Wote tukageuka kutazama njia ya kwenye mipamba.

Hakuja mtu.

Basi, mwanangu, hilo la kwenye simu usilinunue kwa picha. Nenda. Itazame shingo, bonyeza nyuzi, ligonge tumbo ulisikie bila spika. Kisha uliza mbao zake zilikuwa za nini, nani alilipiga, kwa nini linauzwa. Muuzaji akianza kusema, ufunge mdomo mpaka amalize, hata bei ikipanda, hata ukirudi mikono mitupu. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kumkatiza anayetaka kukujibu.

Mungu akupe masikio mapana kuliko tamaa yako. Na besi utakayoipata iite watu waje kuimba, isimwite hata mmoja asiyetaka kwenda.