Aliyenyamaza Mbele ya Bodi ya Ardhi

Sogea karibu kidogo nikueleze, maana jambo lenyewe ni dogo na linataka kusikilizwa polepole. Ikiwa una mtoto anayesomea sheria, litakufaa. Ikiwa huna, bado litakufaa.

Miaka ile ya mwisho ya tisini, mwanafunzi wa sheria alipelekwa wakati wa likizo ndefu katika afisi ya serikali ajifunze kazi. Hakulipwa. Kazi hiyo tuliiita atachimenti, na aliyeifanya hakuwa na jina lingine: "Wewe wa atachimenti, hebu funga hiyo dirisha." Mimi nilipelekwa Kajiado, katika afisi iliyoshughulikia mambo ya ardhi. Kila asubuhi nilisubiri kuona ni kiti cha nani kitabaki wazi siku hiyo. Mwenyewe akija, nilisimama. Sheria nyingi za ardhi nilijifunza nikiwa nimeegemea kabati.

Nilikaa Kitengela, katika chumba cha kaka yangu, ambaye kazi ilikuwa imemhamishia Eldoret kabla ya kodi aliyolipa kwisha. Kwetu ni magharibi; mtu akipita nyuma ya nyumba bila kusalimu, huulizwa amekosewa nini. Kitengela, majirani zangu walitoka kwenda Nairobi kabla ya jua kuchomoza na kurudi giza limeingia. Niliwajua kwa milango yao: mmoja ulikwaruza sakafu, mwingine haukufunguka mpaka usukumwe kwa bega. Jumapili jioni nilisoma vitabu vyangu kwa sauti. Mtihani ulikuwa mbali, lakini nilikuwa nimegundua kwamba nisipofanya hivyo, Jumatatu sauti yangu hutoka imekauka, kama ya mtu aliyeamshwa sasa hivi.

Sasa nikueleze kuhusu bodi. Mtu hakuweza kuuza shamba lake mpaka bodi ya ardhi iridhie. Ilikutana mara moja kwa mwezi: afisa wa serikali akiwa mwenyekiti, na wazee wa pale wakiwa wanachama. Muuzaji alisimama, mnunuzi alisimama, kisha mke wa muuzaji akaulizwa kama amekubali. Akikataa, shamba haliuzwi. Hilo swali moja ndilo lililokuwa kinga yake, na wakati huo wanunuzi wa Kitengela walikuwa wengi na wenye haraka.

Siku moja ya bodi nilimkuta mama mmoja kwenye benchi la nje, shuka lake begani, chupa ya chai miguuni. Nikamnyoshea mkono kama tunavyosalimiana kwetu. Mkono wake yeye ulibaki juu, hewani, ukingoja. Mpiga chapa wetu, dada Mmaasai aliyekuwa akipita na faili, akacheka.

"Inamisha kichwa, wewe! Huyu si rika yako."

Nikainama. Kiganja kikatua utosini mwangu, chenye joto, kikinuka moshi na maziwa.

"Takwenya," mama akanisalimu kwa Kimaasai.

"Iko," nikajibu, kwa maana hilo angalau nilikuwa nimejifunza.

Sikuinua kichwa mara moja. Tangu nitoke nyumbani, hakuna mtu aliyekuwa amenigusa.

"Umekunywa chai?" akaniuliza. Nikasema bado. Akanimiminia katika kifuniko cha chupa, akaanza kuongea. Alikuwa akiuza maziwa Kitengela, kwa hivyo Kiswahili alikuwa nacho cha kutosha, na maneno hayakumwishia. Aliniambia mumewe anataka kuuza kipande kilicho karibu na barabara.

"Na hapo ndio kisima iko," akasema. "Ng'ombe yote inakunywa hapo. Akiuza hapo, mimi nitapeleka ng'ombe wapi? Nilambishe lami?"

"Umemwambia?"

"Nimemwambia mpaka nimechoka. Anasema nitaulizwa hapa."

"Basi utaulizwa," nikamwambia, kwa furaha ya mtu aliyesoma kifungu chenyewe.

Aliulizwa kweli. Mwenyekiti alisoma ombi, mume akasema anauza, mnunuzi akasema ananunua, na mwenyekiti akamgeukia: "Mama, umekubali?"

Mama yule aliyenichekesha kwenye benchi alivuta shuka, akatazama sakafu, akanyamaza. Mwenyekiti akauliza tena. Kimya.

"Huyo amekubali," karani akasema, kalamu tayari. "Hata bibi yangu alinyamaza hivyo hivyo nikimposa."

"Na tangu hapo amewahi kunyamaza tena?" mzee mmoja akamuuliza, na chumba kizima kikacheka.

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na kabati langu, nyuma ya mpiga chapa. Nikamnong'oneza, "Mbona hasemi? Nje alikuwa anasema."

"Hawezi," akanijibu bila kugeuka. "Wale wazee watatu ni rika la baba mkwe wake. Ampinge bwana yake mbele yao? Hiyo ni kukosa adabu kabisa."

Karani alikuwa akishusha kalamu. Nikasikia sauti yangu, ile kavu ya Jumatatu, ikisema, "Bwana mwenyekiti, samahani. Hajajibu."

Vichwa vyote vikageuka. "Nani huyo?" mwenyekiti akauliza.

"Ni huyu wa atachimenti."

"Kumbe ameshakuwa wakili?"

Wakacheka tena. Nilingoja kicheko kiishe, kisha nikaomba mama aulizwe nje, na sisi wanawake peke yetu, mpiga chapa akiwa shahidi. Mwenyekiti akatazama saa, akatazama birika la chai lililokuwa likiingia. "Haya, nendeni. Tukimaliza chai mrudi na jibu. Moja."

Tulikaa watatu kwenye lile benchi. Sikumkumbusha chochote alichoniambia asubuhi. Nilimuuliza tu upya, na dada yule akarudia kwa Kimaasai. Mama akajibu kabla hajamaliza.

"Sitaki. Lakini mimi siingii kusema. Ingieni nyinyi."

Tukaingia tukasema. Mume alisonya, mnunuzi akachukua kofia yake, na kipande chenye kisima hakikuuzwa siku hiyo. Nilipotoka, mama alikuwa ameshaondoka, kwa kuwa maziwa ya jioni hayangojei mtu. Sikumwona tena. Mwenyekiti alinipitia koridoni akasema, "Siku nyingine usiongee kama hujaulizwa." Lakini bodi ya mwezi uliofuata nilikuta viti viwili vimewekwa nje, ubavuni mwa jengo. "Wewe wa atachimenti, kaa hapo," akasema. "Wakinyamaza, utaletewa."

Hivyo ndivyo nilivyopata kiti. Upweke haukuondoka, nisikudanganye. Jioni nilirudi Kitengela kusikiliza milango. Siku ya mwisho nilipita nikiaga meza kwa meza, na karani akauliza kama naenda chakula cha mchana. Ni mpiga chapa peke yake aliyenisindikiza mpaka langoni. Nikamwambia, nikijaribu kucheka, jinsi miezi ile ilivyokuwa mirefu. Akasimama.

"Kwani ulikuwa na shida? Sisi tulidhani uko sawa. Hukuwa unasema kitu."

Tukatazamana, kisha wote wawili tukageuka kuangalia vile viti viwili ubavuni mwa jengo. Hakuna aliyekuwa amevikalia.

"Sasa jina lako ni nani?" akaniuliza.

Wewe kesho ukifika kazini, mtafute yule anayenyamaza. Mtoe nje, mpe kiti, keti karibu naye, mwulize hali yake mkiwa wawili tu. Kisha ngoja ajibu mwenyewe.