Baba Alipoitafsiri Sinema Bubu

Baba alikuja kukaa kwetu Arlington miezi sita, na kufikia mwezi wa nne yeye na binti yangu walikuwa wamebadilishana maneno mawili tu: shikamoo na marahaba. Mtoto ana miaka tisa. Kiswahili anakisikia chote, ila hujibu kwa Kiingereza, lugha ambayo baba haijui. Kosa ni langu. Mimi ni nesi, hurudi kutoka zamu nikiwa hoi, na Kiingereza kilikuwa njia ya mkato. Niliogopa mzee angerudi Morogoro bila kumjua mjukuu wake, na umri wake si wa kuahidiana safari nyingine.

Jumamosi moja tulikwenda Houston kwa dada yangu. Masaa manne barabarani, kimya kama tumegombana. Mchana dada akatupeleka kwenye maktaba ya mtaani kwake, ambako walionyesha sinema bubu iliyotokana na kitabu cha zamani cha upelelezi. Nikaona afadhali, maana humo hakuna anayeongea lugha ya mtu.

Nilisahau baba alikuwa nani. Kwa miaka mingi alitafsiri mikanda kwenye kibanda cha video, ya Kichina, ya Kihindi, ya Kiingereza, na lugha hizo zote hakujua hata moja. Alitazama sura za watu, akatunga. Na kibandani mtafsiri alitakiwa amtaje adui mapema, ili watazamaji wamchunge.

Basi tajiri mmoja wa kwenye sinema alipoanguka na kufa sebuleni kwake, baba akakohoa kidogo, akaanza.

"Huyo mwenye kofia ndiye stelingi, hafi huyo. Na yule mpishi ndiye muuaji. Mchungeni."

Watu wakageuka. Nilitamani ardhi inimeze. Nikamnong'oneza kwamba huku hawafanyi hivyo, naye akaniuliza, sinema yenyewe haina sauti, anamkatiza nani? Mpishi aliposhika kisu cha vitunguu, baba akampa maneno marefu ya kisasi, kuhusu shamba la urithi huko Kilosa.

Ndipo maandishi ya Kiingereza yakatokea kwenye pazia, na binti yangu akainama mbele yangu kumfikia babu yake.

"Babu, hapana. Mpishi haja-kill. Wameandika daktari ana-lie."

Baba akasema kwa upole, "Nisomee, mjukuu wangu. Mimi sioni vizuri."

Anaona vizuri kuliko mimi.

Wakaendelea hivyo hadi mwisho, mtoto akisoma kwa Kiswahili cha kuokoteza, babu akikinyoosha na kukitia chumvi. Mama mmoja wa safu ya mbele alihama, na hadi leo namshukuru kwa kuhama bila kutushtaki. Muuaji alikuwa daktari kweli. Njia nzima ya kurudi Arlington walibishana, baba akishikilia kwamba mpishi alijua kila kitu.

Jina la sinema ile silikumbuki, lakini naishukuru kama ninavyomshukuru mtu. Siku ya kuondoka, pale uwanja wa ndege, binti yangu alimshika babu yake mkono.

"Babu, ukirudi usimtaje muuaji kabla mimi sijasoma."

Baba, ambaye kibandani hakuwahi kuishiwa maneno, alifungua mdomo, na hakupata la kutunga.