Punda Aliyepelekwa Goziba

Msimamizi wangu wa tasnifu alikuwa mtu wa farasi. Alisomea farasi ng'ambo, akafundisha farasi, na ofisini kwake chuoni alitundika picha ya farasi mweusi akiruka kizuizi. Nilipomwambia nataka kufanyia utafiti wangu wa uzamili nyumbani Kagera, kuhusu vidonda vya mgongoni vya punda wa mizigo, alivua miwani.

"Kagera kuna punda?" aliuliza.

Swali lilikuwa la haki. Sisi Wahaya hatujazoeana na punda. Migomba iko mlangoni, kahawa iko nyuma ya nyumba, na mkungu hubebwa kichwani au kwenye baiskeli. Mama yangu, aliyenisomesha kwa kahawa ya kibanja chetu cha Kanazi, alikuwa akiulizwa na wenzake baada ya misa binti yake anasomea nini, anajibu "udaktari", kisha anauliza habari za mvua. Tukibaki wawili hakuzunguka. "Mwanangu, ng'ombe wapo. Mbuzi wapo. Wamekukosea nini hata ukawaacha?"

Punda niliwapata Muleba. Wengi walikuwa wa mzee mmoja aliyehamia kutoka Shinyanga, akiwatumia kubeba maji na matofali. Nilishona matandiko kwa magunia na sponji, ili baadhi ya punda wavishwe chini ya mzigo na wengine wabaki kama walivyo. Kila wiki nilipanda basi kutoka chumba changu cha kupanga Bukoba, nikapime vidonda na kuvipiga picha. Kwenye karatasi ulikuwa utafiti safi kabisa. Ila kwenye karatasi punda hana mwenyewe.

Haikuchukua muda nikakuta tandiko langu moja limefungwa vizuri kwenye kiti cha pikipiki ya mzee.

"Mzee, hili si la punda?"

"La punda, daktari. Leo punda wamepumzika."

Hajamaliza kusema, punda akatokea nyuma ya nyumba na shehena ya matofali, mgongo mtupu, kidonda kinang'aa.

"Huyo anamalizia tu," mzee akasema.

Nilimeza hasira, nikashona tandiko jingine. Tegemeo langu kubwa lilikuwa jike mmoja wa kijivu, mwenye kidonda kibaya kuliko wote. Huyo nilimvisha mwenyewe, nikamsihi mzee asimguse. Akaapa. Niliporudi nikakuta kamba yake imelala chini.

"Yuko wapi?"

"Amekwenda Goziba."

"Amekwenda?" Alivyotamka ungedhani punda alikata tiketi mwenyewe.

"Shemeji yangu kule kisiwani ana kazi ya kubeba dagaa. Ameniomba."

"Mzee, si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana kabisa, daktari. Lakini shemeji naye ni shemeji."

Na tandiko? Lilikuwa kwenye banda la kuku. Kuku alikuwa amelilalia, anaatamia, na mke wa mzee akanionya nisimsumbue.

Nikampigia msimamizi, ambaye kwa wiki nyingi hakuwa amejibu ujumbe wangu hata mmoja. Safari hii alipokea mara moja, nadhani kwa bahati mbaya. "Mfuate," alisema. "Ni kisiwa tu." Alisema hivyo akiwa nchi kavu.

Mwezi mzima ulipita kabla sijapata nauli, ndipo nikasafiri kwa mtumbwi wa injini, katikati ya makreti ya soda na wavuvi wanaorudi kambini. Nilitapika hadi mwanamume aliyekaa mbele yangu akahamia upande wa pili. Goziba nilishuka, nikapita kwenye dagaa walioanikwa na vibanda vya mabati, nikiuliza watu kama wamemwona punda. Hakuna aliyehitaji maelezo zaidi. Wote walimjua.

"Mnyama wenu ni mkorofi," shemeji alinilaki hivyo. Siku ya kwanza tu, punda alipofungwa magunia, aligoma kupanda kutoka mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga. Wakamsukuma, akamng'ata mtu. Wakamvuta, akalala na mizigo yake. Tangu hapo amefungwa nyuma ya kibanda cha mama lishe, hafanyi kazi yoyote, anakula majani ya kabichi na ukoko wa ugali.

Nilimzunguka, nikainama kutazama mgongo. Kidonda kilikuwa kimefunga. Ngozi mpya, laini, ya rangi ya waridi, na pembeni manyoya yameanza kuota. Nikakaa chini mchangani, nikahisi machozi yanakuja.

Mama lishe aliacha sufuria yake akaja kunitazama. "Dada, si amepona? Unalia nini tena?"

Ningemwambia nini? Kwamba amepona bila ruhusa yangu? Nilimshukuru kwa kabichi.

Shemeji alitaka niondoke naye. Mwenye mtumbwi alikataa katakata, kwa sababu wakati wa kuja punda alimpasulia ubao kwa teke. Nikarudi peke yangu.

"Mwondoe kwenye data," msimamizi alisema nilipomweleza. "Anavuruga matokeo."

"Lakini Profesa, amepona kwa kupumzika. Hilo si tokeo?"

"Si swali lako la utafiti."

Nikamwondoa. Majedwali yakabadilika, wastani ukabadilika, nikakesha nikiyarekebisha. Matandiko yalionekana kusaidia kidogo, kwa wale punda walioyavaa kweli. Kwenye sura ya mwisho nilipenyeza sentensi moja: kwamba punda mwenye kidonda apumzishwe kwanza kabla ya kushonewa chochote.

Nilifaulu, kwa sharti la kufanya masahihisho. Kando ya sentensi ile mtahini alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu, "Chanzo?"

Nilifikiri nitaje Goziba, kabichi, mama lishe. Nikaifuta sentensi, nikapeleka tasnifu ikajalidiwe.