Kome wa Maalim

Juzi nesi mmoja aliniambia, "Kome hawana nguvu ya kulea mtoto, mama. Mnunulie maziwa ya kopo." Nilipandwa na hasira hata nikaondoka bila ya kuaga. Nilipofika nyumbani nilifungua kikapu cha kome wa moshi, wale wanyama wa pwani wenye magamba, na harufu yao ikanirudisha jikoni kwa bibi.

Bibi alikuwa akiwakausha uchagani, juu ya moto wa makumbi, kisha akiwapika kwa nazi na ndimu. Na mtu akimuudhi, alikuwa akisema, "Na akome!" Mimi nikadhani hiyo ndiyo dawa ya wakorofi: ukiwalisha kome, hutulia.

Maalim wetu wa chuoni, aliyetusomesha Kurani, alikuwa na bakora isiyojua kupumzika. Alasiri moja nikachukua bakuli zima la mchuzi wa kome, nikaliweka mbele yake kwa adabu zote.

"Maalim, bibi kasema ukome."

Akanitazama, akalitazama na bakuli. Akala kwanza, mpaka akaramba vidole. Kisha akaishika bakora.

Sijapata kuchapwa vile tena. Basi asiniambie mtu kwamba kome hawana nguvu!