Funga ya Kufuli, Funga ya Mlango

Nilipoacha shule ili nilee wadogo zangu, nilipata kiti katika duka la kuchapa barua hapa Gisenyi. Patron, yaani mwenye duka, aliyerudi kutoka Goma, alikuwa ameandika mwenyewe programu ya kuhifadhi mafaili kwenye diski, akanifundisha kuisoma. Disketi mbovu ikiingia, kompyuta iliganda na barua za wateja zilipotea. Patron hakunificha: hali ikiendelea hivyo atarudia mashine ya chapa, na mashine hiyo tayari ilikuwa na mama mmoja wa kuipiga. Wadogo zangu walikula kwa kiti changu. Nikaamua sitakiacha.

Nilisoma programu mstari kwa mstari. Kuandika faili kulitaka kulitia kufuli lisiguswe na kazi nyingine, kulifungua faili lenyewe, kuomba nafasi kwenye kumbukumbu, ndipo kuandika. Kila hatua iliyoshindwa ilikuwa na njia yake ya kutokea, na kila njia ilirudia kwa namna yake usafi uleule wa kurudisha vilivyochukuliwa. Amri zilikuwa za Kiswahili: FUNGA1 ilitia kufuli, FUNGA2 ilifunga faili kama mlango. Kwenye njia moja nilisita.

“Patron, hii funga ni ya kufuli ao ya mulango?”

Akainama kwenye kioo cha kompyuta. “Ya mulango.”

“Umeandika ya kufuli.”

Basi badala ya kufunga faili, kompyuta ilitia kufuli mara ya pili, ikawa ikingoja ufunguo ambao yenyewe iliushika. Patron akacheka. “Bon. Mi mwenyewe nilijifungia nje.”

Kurekebisha mstari ule hakukunitosha. Nilizipa amri majina yasiyofanana, nikafuta njia zote za kutokea na kubakiza moja, chini kabisa ya programu. Kazi ikishindwa iruke hadi pale, irudishe vitu kinyumenyume, cha mwisho kuchukuliwa kitangulie. Patron alipinga, mwalimu wake wa programu alikataza kuruka mistari.

“Tunaruka kwenda chini tu, patron. Haturudi juu.”

Alifikiri, kisha akachomoa disketi katikati ya kuandika, kwa makusudi. Mama wa mashine ya chapa akaacha kupiga, akasema yake haijawahi kuganda, ni yeye tu anayeumwa mgongo. Kioo kikaandika: disketi mbaya, leta nyingine. Patron akaleta nyingine, mbovu zaidi, kisha nzima. Barua ikaingia.

“Kiti ni chako,” akasema.

Nyumbani kitinda mimba wetu aliniuliza kama kesho nitakwenda kazini. Nikamwambia nitakwenda. Nikamvua sweta kwanza, iliyovaliwa mwisho, halafu shati.